Ijumaa Ambayo Skripti ya Mellen Ilijibu 'Ndiyo'

Jua la Ijumaa bado liko juu ya mabati ya stendi ya Migori, na Mellen Nyanchama anakimbizana nalo. Ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kipakatalishi kikiwa magotini na nyaya zikining'inia mezani. Soda aliyoletewa inapata joto. Mazungumzo marefu hayataki.

"Uliza tu nikiandika," anasema bila kuinua macho. "Jua likizama mimi sipo."

Anachoandika ni majina ya vifaa visivyotambulika. Anagonga herufi moja moja, anasimama, anasoma tena, anafuta, anaandika upya.

"Hii ni ya shule ya kisiwani Takawiri. TV yao ni ya zamani, picha kubwa inaishinda. Lazima niambie skripti ipunguze picha. Hii nyingine ni ya Masara. Hii haina jina kabisa. Ukiiuliza wewe ni nani, inajibu sifuri tupu, sifuri, sifuri. Kama mtu amekataa kuongea na polisi."

Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Kazi ya Mellen, mwenye umri wa miaka thelathini na sita na mama wa watoto wawili, ni rahisi kueleza na inachosha kuifanya. Pembeni mwa chumba chake kuna seva, kompyuta isiyo na kioo, iliyojaa video za masomo. Video hizo husambazwa na shirika linaloitwa Somo Wazi, lenye ofisi mjini Homa Bay, kwa shule za msingi za kaunti za Migori na Homa Bay. Kila shule ina kisanduku kidogo kilichounganishwa na televisheni, chenye diski ya kuhifadhia masomo na laini ya simu ya kuyapokelea.

Masomo yanapobadilika, skripti huanza safari. Skripti ni maagizo yaliyoandikwa ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Inabisha hodi kwenye kila kisanduku na kukiuliza jina. Kinachojulikana kinapewa masomo mapya. Kisichojulikana kinarukwa, na watoto wa shule hiyo wanabaki na masomo ya muhula uliopita.

Shida ni kwamba karibu nusu ya visanduku vya Migori havijulikani. Wazazi walivinunua kwa harambee, vya mitumba, kutoka kwa wauzaji wa Isebania, mpakani, ambao nao hawakumbuki vilitoka wapi. Mellen ameliomba shirika mara nyingi liviingize kwenye skripti mara moja na kumaliza mambo. Jibu limekuwa lile lile: shule zinunue vifaa vipya vilivyoidhinishwa. Shule ambazo hazina madawati ziliambiwa hivyo, na aliyesema hakuona aibu.

Kwa hivyo kabla ya kila safari Mellen huifungua skripti na kuviandika mwenyewe, kimoja baada ya kingine: jina alilokibunia, ukubwa wa picha kinaoweza kubeba, mahali diski yake ilipo. Shirika linajua. Linamlipa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi na kujifanya haliioni kazi hiyo, maana bila hiyo takwimu zake za shule zilizofikiwa zingekuwa ndogo mno.

"Nilianza na kutengeneza simu," anasema. "Mamangu alitoka Kisii akaja kuuza ndizi hapa Migori, mimi nikakaa naye sokoni na bisibisi. Watu waliniletea redio, wakaniletea TV. Baadaye nikasomea kompyuta chuo cha ufundi. Hii kazi nilipoipata nililia kwa furaha. Nilisema sasa nimekuwa mtu."

Anatazama dirishani kuona jua limefika wapi, kisha anarudi kwenye majina.

Kuna jina moja ambalo leo analiandika polepole kuliko mengine. Ni la kisanduku cha shule moja karibu na Macalder, kule Nyatike ambako watu wanachimba na kuosha dhahabu. Shule hiyo ina darasa la watoto viziwi. Hicho ndicho kisanduku kilichomfanya Mellen ajulikane huko kote, na si kwa wema.

Darasa hilo lilianzishwa na Mwalimu Pauline Oyaro. Pauline mwenyewe alipoteza kusikia akiwa na umri wa miaka tisa, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Alisoma, akahitimu ualimu, akarudi Nyatike. Alikuta watoto viziwi wakikaa nyumbani kuchunga mbuzi, au wakipelekwa na wazazi kwenye mashimo kupepeta udongo. Aliwakusanya mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba.

Video za shirika hazikumfaa. Zilikuwa na mtu anayeongea, na watoto wake hawakusikia. Ndipo akaanza kujirekodi kwa simu yake, akiiegemeza kwenye jiwe juu ya dawati, akifundisha kwa mikono. Zaidi ya masomo sitini, yote akiyaweka kwenye diski ya kisanduku cha darasa. Alifundisha hesabu na sayansi, lakini pia alifundisha Macalder: ishara ya karai la kuoshea dhahabu, ya shimo lililoporomoka, ya omena, wale dagaa wa ziwani, ya chifu, ya zebaki ambayo wachimbaji hutumia kunasia vumbi la dhahabu na ambayo watoto hupenda kuichezea kwa sababu inang'aa.

Jumapili mchana aliwaita wazazi. Walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigonga mbao, wakatazama video zile zile na kujifunza kuongea na watoto waliowazaa.

"Mimi miaka kumi nimeongea na mtoto yangu kwa kuvuta nguo," anasema Mirumbe, mchimbaji aliyehamia Macalder kutoka upande wa Kuria, na ambaye binti yake Robi yuko darasani humo. "Nikitaka akuje, navuta nguo. Nikitaka alale, navuta nguo. Madam akanionyesha kwa hiyo TV vile naweza mwambia 'umefanya vizuri'. Siku hiyo Robi alinitazama mpaka nikaona haya."

Pauline alifariki Machi mwaka jana kwa ugonjwa wa presha. Baada ya matanga, simu yake ilifutwa ikapewa mdogo wake aliyekuwa hana simu. Hakuna aliyefikiria mara mbili, maana kila mtu alijua masomo yako kwenye kisanduku. Na yalikuwako. Watoto waliendelea kufundishwa na marehemu, kila asubuhi, na mwalimu mgeni aliyetumwa pale alikaa nyuma akijifunza pamoja nao.

Je, kwa nini hayakuhifadhiwa pia kwenye seva? Mellen anajibu kabla swali halijaisha.

"Niliomba. Wakasema hizo ni video ambazo hazijaidhinishwa, zisiingie kwa seva. Nikasema basi nitazinakili kwa diski yangu nikienda Macalder. Nilienda mara mbili. Mara ya kwanza stima ya sola ilikuwa chini. Mara ya pili nilikuwa na haraka ya kufika Takawiri, boti ilikuwa inanisubiri Mbita. Nikasema nitarudi. Usiniulize zaidi hapo."

Hatumuulizi zaidi hapo.

Kisha shirika likabadilisha siku. Awali skripti ilikuwa ikianza safari Jumatano, na Mellen aliketi mbele yake mpaka imalize. Mwaka jana uamuzi ulitoka juu kwamba sasa itaanza Ijumaa jioni, kwa sababu intaneti ya wikendi ni ya bei nafuu. Kwa wengi lilikuwa jambo dogo. Kwa Mellen ilikuwa sawa na kuambiwa achague.

Mellen ni Msabato. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi hafanyi kazi, hapiki, hafui, hagusi kompyuta. Alilelewa hivyo na mama yake, ambaye alikuwa akifunga meza ya ndizi Ijumaa jua likiwa bado juu hata wateja wakiwa wamesimama. Aliomba siku irudishwe. Mkutanoni Homa Bay mtu mmoja akamuuliza kompyuta yake huenda kanisa gani, na chumba kizima kikacheka. Siku haikurudishwa.

Akatafuta njia. Skripti ile ilikuwa na tabia ya kusimama katikati na kuuliza maswali madogo: mtandao ni hafifu, niendelee? Nafasi imepungua, niendelee? Mtu aliyeketi mbele yake hujibu "ndiyo" na kurudi kwa chai yake. Bila jibu, skripti husimama pale pale mpaka Jumamosi usiku, na shule zote zilizo mbele hukosa zamu yao. Mellen akaandika kwenye seva, nje ya skripti yenyewe, mstari mmoja mfupi: kila mara skripti itakapouliza swali, mashine ijibu yenyewe "ndiyo". Ijumaa aliandika majina yake, akaiwasha, akaenda kanisani.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Nimemridhisha Mungu, nimemridhisha na bosi. Mashine inafanya kazi, mimi nimepumzika. Kuna mama wa kanisa aliniambia, Mellen, si hata mtumishi wako hafai kufanya kazi Sabato? Nikamwambia mama, hii ni waya na chuma tu."

Kwa miezi kadhaa mpango ulifaulu. Maswali yalikuwa yale yale, na jibu sahihi kwa yote lilikuwa "ndiyo".

Ijumaa moja ya Septemba mwaka huo huo, shirika lilituma skripti mpya pamoja na masomo mapya. Fundi hakuarifiwa. Skripti hiyo ilipoingia ilichukua nafasi ya ile ya zamani, na mistari yote ambayo Mellen alikuwa ameiandika kwa mkono alasiri hiyo ikapotea. Visanduku vya Takawiri, Masara na Macalder vikarudi kuwa vitu visivyojulikana. Na tofauti na ile ya kale, skripti mpya haikukiruka kisichojulikana. Ilikuwa na swali lake: kifaa hiki hakitambuliki, je, diski yake isafishwe na kuandaliwa upya?

Mellen alikuwa kwenye ibada ya kufungua Sabato, akiimba. Mashine yake ikajibu "ndiyo".

Ikajibu hivyo kwa kila kisanduku kisichokuwa na jina. Vile vingine havikupoteza kitu, maana vilikuwa na masomo ya shirika tu na vikaletewa mengine papo hapo. Cha Macalder ndicho pekee kilichokuwa na mtu ndani yake.

Jumamosi baada ya machweo Mellen alirudi akakuta orodha yote imekamilika, shule zote, hata zile ambazo huwa zinamsumbua. Alifurahi. Alimpigia dada yake simu kumwambia kwamba hatimaye shirika limevikubali vifaa vya Isebania. Dada yake akamwambia kumbe maombi yanajibiwa.

Jumatatu asubuhi alipigiwa simu na Stanley Oyaro, mume wa marehemu. Stanley ni fundi wa kuchomea vyuma sokoni Macalder. Ndiye aliyetengeneza kizimba cha chuma kinachoilinda televisheni ya darasa, na ufunguo anao yeye. Kila Jumatatu alikuwa akifungua kizimba, akisimama mlangoni kidogo amwone mkewe akianza somo, kisha akienda kazini. Humwita mkewe Madam, kama walivyomwita watu wote.

"Aliniambia, 'Nyamera, TV imewaka lakini Madam hayuko ndani,'" anakumbuka Mellen. Nyamera, kwa Kiluo, ni kusema 'dada yangu'. "Nikamwambia labda ni waya. Akaniambia, 'Si waya. Kuna mtu mwingine anaongea.'"

Alikuwa mwanamume wa Nairobi mwenye tai, akieleza sehemu za mmea kwa sauti nzuri sana. Watoto viziwi walikaa wakimtazama midomo. Baada ya muda, anasimulia Stanley, mtoto mmoja alisimama akaenda kutazama nyuma ya televisheni.

Tulimtafuta msimamizi wa mradi huo, Tony Arasa, katika ofisi za Somo Wazi mjini Homa Bay. Ni kijana mpole, aliyetukaribisha vizuri na kutuagizia chai. Alikuwa amejiandaa.

"Sisi kama shirika tunasikitika sana," alisema. "Lakini lazima tuseme ukweli. Hiyo boksi haikuwa kwa sistemu yetu. Hizo video hazikuwa kwa sistemu yetu. Huwezi sema tumepoteza kitu chenye hatukuwa nacho. Na sistemu iliuliza. Iliuliza kabisa, na ikajibiwa."

Tulipomuuliza kwa nini fundi hakuarifiwa kuhusu skripti mpya, alisema barua pepe ilitumwa kwa wasimamizi wote wa vifaa vilivyoidhinishwa. Mellen si msimamizi wa vifaa vilivyoidhinishwa. Chai ilikuwa nzuri, lakini haikunyweka.

Mellen hakukasirika tulipomsomea maneno hayo. Alitikisa kichwa.

"Hapo kwa kujibiwa hajadanganya," alisema. "Skripti ni yao, siku ni yao, hilo swali ni lao. Lakini 'ndiyo' ni yangu. Hiyo niliiandika kwa vidole vyangu."

Kanisani walijaribu kumfariji. Mzee wa kanisa, Nyangau, alimwita kando baada ya ibada akamwambia kwamba alishika Sabato na Mungu anajua moyo wake. Mellen alimshukuru, akatoka, akaenda nyuma ya choo cha kanisa akalia mpaka kilemba kikalowa. Tangu hapo hajaacha kwenda kanisani, ila anasema hukaa kiti cha nyuma na wimbo wa kufungua Sabato huwaachia wengine waimbe.

Aliing'oa diski ya Macalder akaipeleka kwa fundi mmoja wa Kisumu anayesifika kwa kurudisha vilivyofutwa. Fundi huyo alikaa nayo majuma mawili. Alimwambia kwamba kitu kilichofutwa tu hurudi, lakini hiki kilifutwa kisha masomo mapya yakaandikwa palepale juu yake, na hapo hakuna fundi. Alichookoa ni kipande kimoja.

Mellen alikipeleka Macalder mwenyewe. Angeweza kukituma, lakini aliona huo ungekuwa uoga. Walikusanyika darasani Jumapili mchana: Stanley, Mirumbe na bintiye Robi, wazazi wengine wachache, watoto. Hakuna aliyemsalimia kwa mkono.

Katika kipande hicho Mwalimu Pauline anaonekana karibu mno, uso mzima, akirekebisha simu kwenye jiwe. Anarudi nyuma. Anapanga kitambaa chake cha kichwa. Anatazama mbele, anatabasamu, anainua mikono aanze. Hapo picha inaganda.

Stanley aliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Akaomba tena. Mara ya tatu alifunga kizimba chake kwa ufunguo, akasimama mbele ya Mellen.

"Alisema, 'Nyamera, umeniletea mikono yake ikiinuka tu,'" anasema Mellen. "Akaenda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Lililokuja baada ya hapo ndilo linalomnyima Mellen usingizi hadi leo. Watoto walitaka kumalizia pale Madam alipoishia. Mwalimu mgeni aliwaambia waonyeshe somo la zebaki, kwa kuwa ndilo alilokuwa bado hajalielewa vizuri. Robi, mwenye miaka kumi na miwili, akasimama akaonyesha: kitu cha mviringo kinabingirika kiganjani, kisha kiganja kinatikiswa, usishike. Mvulana mmoja akakataa kwa kichwa. Akaonyesha chake: kitu cha mviringo, kisha moshi, kisha mkono kooni, usivute. Msichana mwingine akaleta cha tatu. Wakaanza kubishana, mikono ikigongana, mpaka mmoja akamsukuma mwenzake.

Huenda Mwalimu Pauline alifundisha yote matatu. Huenda alifundisha mawili, na la tatu mtoto amelibuni mwenyewe kujazia pengo. Hakuna mtu mzima katika chumba kile aliyeweza kuwaamulia. Miezi michache tu ilikuwa imepita, na tayari walikuwa wanamsahau kila mtu kwa njia yake.

Kwa Mirumbe pengo ni la namna nyingine. Alikuwa amefika nusu ya masomo ya wazazi. Anaweza kumwambia bintiye habari za chakula, nyumba, mvua na kazi. Masomo ya magonjwa yalikuwa mbele, hakuwa ameyafikia.

"Juzi usiku Robi amekuja ameshika hapa," anasema, akigusa ubavu. "Akaniambia kitu na vidole. Mara mbili, mara tatu. Mimi sikushika. Nikampa dawa ya maumivu, nikakaa naye. Asubuhi ilikuwa imepoa. Lakini sijui aliniambia nini. Hata sasa sijui."

Mellen hakufutwa kazi. Shirika halina mtu mwingine wa kuandika majina yale, na hilo nalo ni la kuchekesha ukitaka kucheka. Alipewa barua ya onyo, kisha ya pili. Ya pili ni kwa sababu aliutoa ule mstari wake. Sasa Ijumaa skripti ikifika kwenye swali inasimama, na inasubiri hapo hapo usiku kucha na mchana kutwa mpaka Mellen atoke kanisani, jua lizame, aketi, asome swali neno kwa neno, ajibu. Shule zake humaliza siku moja nyuma ya nyingine zote. Tony Arasa anasema hali hiyo haiwezi kuvumiliwa milele, na mkataba wa Mellen unaisha Juni.

Kabla Juni haijafika ana kazi anayoifanya bila kutumwa na mtu. Jumapili huenda Macalder na simu yake na diski mbili. Robi husimama mbele, na watoto wengine hukaa kando wakiangalia kama wazee wa baraza. Robi anaonyesha neno. Wakikubali wote, Mellen anarekodi. Wakikataa, anarekodi na ubishi wenyewe, pande zote, ili atakayekuja kesho ajue kwamba neno lilikuwa na njia zaidi ya moja. Mirumbe hukaa dawati la mbele na kuiga. Akikosea, bintiye huja akamkunja vidole mpaka vikae sawa. Diski moja hubaki kwa Stanley. Ya pili Mellen hurudi nayo Migori, na haichomeki popote skripti inapoweza kuifikia.

Hana furaha na kazi hiyo, na hataki isifiwe.

"Mtoto wa miaka kumi na miwili anafanya kazi ya marehemu kwa sababu mimi nilijibu 'ndiyo' bila kusoma swali," anasema. "Anafaa kuwa anacheza nje. Watu wakiniambia hongera nataka kuwarushia kitu."

Jumapili iliyopita alikuwa akijaribu kujifunza majina ya watoto wote. Viziwi wa Macalder hawamwiti mtu kwa herufi za jina lake. Humpa ishara inayotokana na alivyo au alichokifanya. Mirumbe ni mtu mwenye kovu shavuni. Stanley ni cheche zinazoruka. Mwalimu Pauline alikuwa mkono unaopanga kitambaa kichwani, na juu ya hilo hakuna mtoto anayebishana. Mellen alimwomba Mirumbe amuulize Robi yeye wanamwitaje.

Mirumbe alisita. Akasema labda watoto hawajampa jina. Mellen akasisitiza. Robi alimtazama babake, akamtazama Mellen, kisha akainua kiganja na kukipitisha hewani taratibu, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayefuta ubao.

"Nikaelewa, sikuhitaji kutafsiriwa," anasema Mellen. Nje, jua limefika kwenye ukingo wa mabati. Anabonyeza kitufe cha mwisho, anafunga kipakatalishi, anasimama na kutafuta kilemba chake. "Sikuwaambia waache. Hilo jina ninalistahili. Lakini tukimaliza kurekodi yote, nitamwomba Robi anitafutie lingine. Akikataa, nitarudi Jumapili nyingine nimwombe tena."